Kulanti ya kawaida au ya muda mrefu kwa gari la zamani: ulinganisho kwa wenye magari wa Tanga

Mwenye gari la zamani anapoingia duka la spea hapa Tanga kununua kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, hukuta madumu ya kijani, mekundu, ya waridi na ya buluu yamepangwa rafu moja, na muuzaji humwuliza jambo moja tu: "Nikupe ipi?" Dumu moja limeandikwa kuwa kulanti yake ibadilishwe baada ya miaka 2, jingine linaahidi miaka 5, na bei zake hazilingani. Makala haya ni ya mtu aliyesimama mbele ya rafu hiyo akiwa na Corolla 110, Mark II GX100, Hilux ya miaka ya tisini au Land Rover 109 ambayo bado inapandisha abiria Amani, na ameshindwa kuamua kati ya kulanti ya kawaida na ile ya muda mrefu.

Kwanza nijibu swali ambalo mafundi wengi wa pwani, watu hodari katika kazi yao, huliuliza kila mara: "Mzee, hapa barafu iko wapi hata tutie maji ya rangi?" Swali hilo lina haki kwa upande mmoja tu. Ni kweli kwamba mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji hustahimili baridi ya nyuzi 37 chini ya sifuri, na baridi hiyo haitatufikia Raskazone wala Lushoto. Lakini kulanti ina kazi nyingine mbili, nazo ni kuzuia kutu ndani ya injini na kuchelewesha kuchemka, na kwa kazi hizo mbili mji wa joto na chumvi kama wetu unaihitaji sana. Maji matupu kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwa takriban nyuzi 107. Mfuniko mzima wa rejeta, wenye kushikilia shinikizo la karibu ba 0.9, huipandisha mipaka hiyo hadi karibu 119 kwa maji na 125 hivi kwa mchanganyiko. Ukipanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona na mlima zinazokufikisha kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, hewa hupungua uzito na maji ya chunguni huchemka kwa nyuzi 95, kwa hiyo zile nyuzi chache za ziada ndizo zinazokupitisha kilele.

Nilijifunza hayo kwenye kona za kabla ya Soni, siku ambayo Corolla yangu ilichemsha nikiwa na familia ndani. Nilikuwa nimeinunua miezi michache nyuma, na gereji moja ilikuwa ikiniongezea maji ya kisima kila nilipopita, nami nikashukuru kwa huduma hiyo. Fundi wa Mombo alipofungua pampu ya maji alinikabidhi mkononi kile kisahani chenye mapanga ya bati: mapanga mawili yalikuwa yameliwa hadi ncha zake zikawa kama meno ya msumeno, na mengine yalikuwa membamba kiasi kwamba ukiyabonyeza kwa kidole gumba yanapinda. Kimiminika kilichotoka kilikuwa rangi ya chai kavu, na chini ya beseni kilituama kama mchanga mwekundu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa makini, katika magari yangu na ya jamaa.

Vigezo vya kuamulia

Watu wengi huanza na idadi ya miaka iliyoandikwa kwenye dumu. Kwa gari la zamani naona kigezo hicho kije mwisho. Yanayotangulia ni haya: rejeta na hita ya gari lako vimetengenezwa kwa madini gani, gasketi na mipira ni ya enzi gani, mfumo unashika kimiminika chake au unavuja, maji ya kuchanganyia utayapata wapi, kisha ndipo tuhesabu muda na fedha. Kila kulanti nitaipitisha kwenye vigezo hivyo hivyo.

Tofauti iko wapi hasa

Kulanti zote mbili zina msingi mmoja, ambao ni ethilini glikoli pamoja na maji. Kinachozitenga ni zile dawa za kuzuia kutu, ambazo ni sehemu ndogo tu ya dumu.

Kulanti ya kawaida hutumia madini kama silikati, fosfeti na borati, ambayo hujipaka juu ya kila chuma inachokigusa, kama chokaa inavyopakwa ukuta mzima wa nyumba ya mawe bila kuchagua palipo pazima na palipo pabovu. Ulinzi huo huja haraka, tena unafika kila mahali, lakini dawa huisha upesi kwa sababu inatumika kila mahali. Ndiyo maana muda wake wa kawaida ni miaka 2 au kilomita 40,000 hadi 50,000, lolote litakalotangulia.

Kulanti ya muda mrefu hutumia asidi za kikaboni. Hizi hazipaki ukuta mzima, bali hukaa ndani ya kimiminika na kwenda kufanya kazi pale tu kutu inapoanza kuchimba, mithili ya fundi anayeuzunguka ukuta na kuziba ufa mmoja mmoja. Dawa hutumika kidogo kidogo, na ndiyo maana huhesabiwa miaka 5 na zaidi. General Motors ya Marekani ilianza kuijaza aina hii kiwandani katikati ya miaka ya tisini kwa jina la Dex-Cool, kwa ahadi ya miaka 5. Kwa hiyo magari yaliyobuniwa kabla ya hapo hayakuwa na kulanti hii katika hesabu za wahandisi wake.

Katikati ya hizo mbili kuna kulanti ya mseto, na mwenye gari la Kijapani atakutana nayo sana. Wajapani huchanganya asidi za kikaboni na fosfeti na kuiepuka silikati, kwa kuwa wanahofia chembe zake zinazosugua sili ya pampu, yaani kizibo chake cha kuzuia uvujaji. Watengenezaji wa Ulaya hufanya kinyume: hutumia silikati na kuiepuka fosfeti, kwa kuwa maji ya kwao mengi ni magumu na fosfeti ikikutana na chokaa ya maji hugeuka magaga. Zote mbili huuzwa kama za muda mrefu, na katika makala haya nimezihesabu upande huo, isipokuwa pale ninapozitaja kwa jina.

Juu ya rangi nisisitize kwa nguvu: rangi ni rangi tu. Kijani ilikuwa desturi ya kulanti ya kawaida na machungwa ilikuwa desturi ya asidi za kikaboni, lakini hakuna sheria inayomfunga mtengenezaji, na leo utakuta kijani ya muda mrefu na nyekundu ya kawaida. Hata jina laweza kukupoteza. Ile kulanti nyekundu ya Toyota inaitwa Long Life Coolant, yaani ya maisha marefu, na bado kitabu cha gari kinataka ibadilishwe kila miaka 2 au kilomita 40,000. Ile ya waridi, Super Long Life Coolant, iliyoingia katika miaka ya 2000, ndiyo inayokaa hadi kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kila kilomita 80,000. Geuza dumu usome maandishi ya nyuma: tafuta aina ya dawa, muda wa kubadilisha, na alama ya kiwango kama ASTM D3306 ya Marekani, JIS K 2234 ya Japani au BS 6580 ya Uingereza. Dumu lisilotaja lolote kati ya hayo liache palepale rafuni.

Rejeta na madini yake

Hapa ndipo uamuzi wa gari la zamani unapoanza, na ningependa msomaji afungue boneti kabla ya kusoma zaidi. Tazama kichwa cha rejeta. Kama ni cha plastiki nyeusi kilichobanwa kwa meno ya bati kuzunguka ukingo wake, mara nyingi tumbo la rejeta hiyo ni la alumini. Kama kichwa ni cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, kwaruza kidogo kwa ncha ya kisu mahali pasipoonekana. Ukiona wekundu au umanjano, una rejeta ya shaba, na maungio yake yamelehemiwa kwa risasi.

Kulanti ya kawaida inaielewa rejeta ya shaba, kwa kuwa zilikua pamoja. Tabaka lake hufunika shaba, risasi ya maungio, bloku ya chuma (mwili wa injini) na hedi ya alumini (kifuniko chake cha juu) kwa pamoja. Land Rover 109 ya injini ya lita 2.25, ambayo bloku yake na hedi yake zote ni za chuma na rejeta yake ni ya shaba, ni mfano wa gari lililozaliwa na kulanti hii. Udhaifu wake ni kwamba tabaka hilo, likiachwa bila kubadilishwa hadi dawa ikaisha, linaacha nyuma utando na chembe zinazoziba mirija myembamba ya rejeta.

Kulanti ya asidi za kikaboni huilinda alumini vizuri, na kwa miaka mingi. Rejeta ya alumini haipati kizuizi cha joto kutokana na tabaka nene. Lakini kwa risasi ya kulehemia ulinzi wake ni hafifu zaidi. Nimeona rejeta ya shaba ikifunguliwa kwa fundi wa kulehemu wa Ngamiani, na kila mdomo wa mrija ulikuwa umechanua unga mweupe kuzunguka maungio, mwingine umeziba kabisa. Unga huo hutokana na risasi iliyoliwa. Aliyelehemiwa rejeta yake jana, naye akaenda kutia kulanti ya asidi za kikaboni tupu leo, anaiweka kazi mpya ya fundi katika hali ngumu.

Usisahau hita. Magari mengi yamebadilishiwa rejeta ya alumini lakini hita ndogo ya ndani imebaki ya shaba ileile ya kiwandani. Kama mafundi wameshaikata na kuunganisha mipira yake nje, kama inavyofanyika sana huku kwetu kwenye joto, kigezo hicho kinakuondokea.

Gasketi, mipira na pampu

Kwa kigezo hiki tofauti si kubwa kama wengi wanavyohofia. Kulanti ya kawaida haina ugomvi na gasketi wala mipira ya zamani, ila silikati yake ikizidi au ikizeeka huweza kusugua sili ya pampu. Upande wa pili, baadhi ya kulanti za asidi za kikaboni zina asidi inayoweza kulainisha aina fulani za plastiki na sili za silikoni zilizotengenezwa kabla ya kulanti hiyo kuwapo. Kama gari lako limeshafanyiwa ovahoo na gasketi zake ni mpya, hofu hiyo inapungua. Kama gasketi ni zile zilizotoka nazo Japani miaka thelathini iliyopita, naichukulia kuwa sababu ya kweli ya kubaki na ya kawaida.

Uvujaji na kuongezea

Kigezo hiki ndicho nakipa uzito kupita vyote, kwa kuwa magari yetu mengi ya zamani yanakunywa maji kidogo kidogo na wenyewe tumeshazoea.

Chukua gari linalobeba lita 6 za mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kiasi kinachokaribia cha Corolla 110. Likivuja lita moja ukaijazia kwa maji matupu, kulanti inashuka kutoka asilimia 50 hadi 42. Lita ya pili ikienda hivyohivyo inafika 35, na ya tatu inakuacha na asilimia 29. Chini ya theluthi moja dawa ya kutu haitoshi tena, iwe ya aina gani. Dereva anayeongeza nusu lita kila wiki amefika huko ndani ya mwezi mmoja na nusu. Dumu liliahidi miaka 5, na ahadi hiyo ilikuwa ya mfumo uliofungwa.

Kulanti ya kawaida huumia katika hali hiyo, lakini hasara yake ni ndogo: ilikuwa ibadilishwe mapema hata hivyo, na ukiimwaga kila mwaka hujapoteza sana. Tena ulinzi wake wa haraka hufunika upya sehemu iliyokauka na kulowa tena.

Kulanti ya muda mrefu huumia zaidi. Inahitaji kugusa chuma muda wote ili ifanye kazi yake, na kimiminika kikipungua hadi hewa ikaingia, sehemu ya juu ya bloku ya chuma inabaki wazi na kuota kutu, kisha kutu hiyo huchanganyika na kilichobaki ikawa tope zito la rangi ya udongo. Wamarekani waliliona tope hilo katika magari yaliyoachwa na kimiminika pungufu. Mfuniko wa rejeta uliochoka unatosha kulisababisha, kwa kuwa unaruhusu kimiminika kutoka injini ikipata moto na hewa kuingia injini ikipoa. Badilisha mfuniko kabla ya kununua kulanti ya bei. Na kwa jina la Mungu usiufungue injini ikiwa ya moto. Mvuke ule huunguza uso kwa nukta moja.

Hapa nigusie themostati, ile vali inayofungua njia ya maji kupita kwenye rejeta injini ikipata moto, kwa sababu nayo inahusika. Desturi ya kuing'oa gari linapochemsha imeenea mno, na sikubaliani nayo. Katika baadhi ya injini, themostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato, na ikiondolewa sehemu ya maji ya moto huzunguka injini bila kupita kwenye rejeta. Gari lililong'olewa themostati lirudishiwe kwanza, ndipo tuzungumze juu ya kulanti.

Maji ya kuchanganyia

Sisi tunaishi juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechimbwa na maji katika mawe hayohayo, na kisima cha pwani hukupa chokaa, chumvi, au vyote viwili. Chumvi hutoboa alumini kwa vishimo vidogo vidogo, na chokaa huganda katika sehemu zenye moto zaidi, kuzunguka silinda na ndani ya hedi, hasa mahali ambapo joto linatakiwa litoke. Maji ya bomba ya mjini hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Sigi, nayo ni afadhali kuliko kisima, lakini bado si maji ya kutia katika injini unayoipenda.

Kulanti ya kawaida yenye fosfeti haipatani na maji magumu, kwa sababu ya yale magaga niliyoyataja, na mseto wa Kijapani una tatizo hilohilo. Kulanti ya asidi za kikaboni tupu haina fosfeti wala silikati, kwa hiyo kwa kigezo hiki ina nafuu kidogo, ila chumvi haimsamehe mtu. Kwa zote mbili tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye chupa kwa ajili ya kuongezea betri. Soma chupa kwa makini, kwa kuwa jina la maji ya betri hutumika pia kwa asidi, na asidi hiyo ikiingia kwenye rejeta ni msiba. Ukikosa kabisa, maji ya mvua ya masika yaliyokingwa baada ya mvua kadhaa kuosha bati ni bora kuliko ya kisima. Au nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, ambayo inakuondolea suala zima la maji.

Muda na fedha

Kwa miaka 10, kulanti ya kawaida itabadilishwa mara 5 na ya miaka 5 itabadilishwa mara 2. Hata kama dumu la muda mrefu linauzwa bei maradufu, hesabu bado inalipendelea, hasa ukiongeza ufundi na maji ya kusafishia, mradi tu mfumo hauvuji. Mfumo ukivuja, hesabu inageuka mara moja.

Upatikanaji nao ni fedha. Kulanti ya kawaida utaipata Muheza, Korogwe hata Pangani, na ikikupungukia safarini hutahangaika. Ya muda mrefu yenye kiwango kinachojulikana mara nyingi itakubidi uinunue mjini na kubeba lita moja kwenye buti.

Madukani yapo pia madumu mepesi ambayo ni maji, rangi na dawa kidogo. Njia ninayoitumia mwenyewe ni mizani. Lita moja ya mchanganyiko halisi wa nusu kwa nusu ina uzito wa gramu 1,070 hivi, na lita ya maji ni gramu 1,000. Jaza chupa ileile maji, ipime kwenye mizani ya kielektroniki ya dukani, kisha ijaze kulanti uipime tena. Tofauti isipofika hata gramu 30 kwa lita, umeuziwa maji ya rangi. Kipimo hiki hakikuambii lolote juu ya dawa za kutu, lakini hukuonyesha kama glikoli imo.

Kuhama kutoka moja kwenda nyingine

Kuchanganya aina mbili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Mara nyingi injini haifi papo hapo. Kinachotokea ni kwamba ile ya muda mrefu inapoteza urefu wake na kurudi kwenye miaka 2 au pungufu, na baadhi ya michanganyiko huganda kama uji na kuziba mirija.

Anayehama amwage injini ikiwa imepoa, ajaze maji, aiwashe hita ikiwa na moto wote, aiache injini hadi themostati ifunguke na mpira wa chini wa rejeta upate joto, izime, ipoe, amwage tena. Arudie mpaka maji yatoke meupe, na mara ya mwisho atumie yaliyokenekwa. Kimiminika hakitoki chote kwa kufungua bomba la rejeta; kiasi kikubwa hubaki ndani ya bloku. Kwa sababu hiyo, baada ya kusafisha, kulanti nzito isiyochanganywa inafaa zaidi: kama mfumo unabeba lita 6, mimina kwanza lita 3 za kulanti, kisha jazia maji yaliyokenekwa mpaka ijae. Ukimimina iliyochanganywa tayari juu ya maji yaliyobaki, utapata mchanganyiko mwepesi kuliko ulivyokusudia.

Kinga kinachotoka kwa beseni. Glikoli ni tamu na ni sumu. Paka, mbuzi wa mtaani na mtoto mdogo wataionja, na kiasi kidogo huua figo. Usiimwage mtaroni.

Kwa hali yako

Kama una rejeta ya shaba iliyolehemiwa, Land Rover ya zamani au pikapu ambayo gasketi zake ni za kiwandani, kulanti ya kawaida yenye kiwango ndiyo inayokufaa, na uwe mwaminifu kwa ile miaka 2 hata kama gari linakaa muda mwingi uani.

Kama gari linakunywa maji na hujapata fedha za kulitengeneza, tia ya kawaida kwa sasa, ongezea kwa mchanganyiko na si kwa maji matupu, na umwage kila mwaka. Fedha ambazo ungenunulia dumu la bei zipeleke kwenye mfuniko, mipira na vibano.

Kama umekwisha kufunga rejeta ya alumini, gasketi ni mpya, hakuna linalovuja, na gari ni la Kijapani la miaka ya tisini kuja huku, mseto wa Kijapani wenye fosfeti na asidi za kikaboni utakuhudumia vizuri kwa muda mrefu, ukichanganywa kwa maji yaliyokenekwa. Kwa gari la Ulaya fuata maelekezo ya kitabu chake, kwa kuwa mseto wake ni wa namna nyingine.

Kama wewe ni mtu wa safari za Lushoto au Horohoro kila wiki na unatunza kumbukumbu, ya muda mrefu inakupa utulivu. Kama gari linaendeshwa na madereva wawili watatu, na kila mmoja ana fundi wake, baki na aina inayopatikana kila mahali, maana mmoja wao ataongezea asichokijua.

Na kama umelinunua gari juzi na hujui ndani yake kuna nini, usiongeze chochote juu ya kilichomo. Safisha mfumo wote, chagua kwa vigezo vya hapo juu, kisha chukua kalamu ya wino usiofutika uandike kwenye kopo la akiba aina ya kulanti, tarehe na kilomita za siku hiyo, ili fundi yeyote atakayefungua boneti baada yako ajue cha kuongezea.